Namba Zilizotupwa za Kule Gizani

Ofisini walimwita Mama Nukta. Aliingia kama mpiga chapa. Mashine za chapa zilipokufa, akahamishiwa chumba cha vipimo, kupanga namba za setilaiti inayochungulia hewa ya juu sana, kule nchani mwa dunia ambako majira ya baridi jua halichomozi kwa miezi.

Kompyuta ilifundishwa kutupa kila namba iliyozidi kiasi, na mwaka ule ilitupa chungu nzima. Mama Nukta hakuridhika. Alizichora kwa penseli, zote za gesi ziitwazo oksidi za nitrojeni: wiki ya kwanza zilikuwa kilomita themanini kutoka ardhini; ya tatu, sabini; ya sita, hamsini na tano.

"Kosa la mashine halitembei," alimwambia mkuu wa kitengo. "Hizi zinateremka."

"Mama, kazi yako ni kupanga, si kufasiri."

Neno lile lilimchoma. Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi cherehani, aliyekuwa amebana pini midomoni.

"Hewa ya huko gizani inatuhusu nini sisi?"

"Ikishuka inakula ozoni, mume wangu. Na ozoni ndiyo inayotukinga na ukali wa jua."

Mzee akatoa pini. "Basi usinyamaze. Watakufanya nini, wakumeze?"

Kesho yake akapiga moyo konde, akapanda ghorofani kwa daktari wa kemia, mwanamama asiyependa porojo. Daktari aliitazama michoro, kisha akafungua daftari la dhoruba za jua. Siku chache kabla ya namba zile, chembe kutoka juani ziliipiga hewa ya juu na kuivunja nitrojeni, ikaungana na oksijeni kuwa gesi ile ya kwenye namba.

"Mwanga ungeimaliza gesi hii mapema," alisema. "Gizani hakuna wa kuigusa. Inazama taratibu na hewa baridi. Dada, hukukosea hata kidogo."

Programu ya kompyuta ikarekebishwa, isizitupe tena namba zile. Mkuu wa kitengo akashuka mwenyewe, uso umemwiva kwa haya.

"Nisamehe, mama. Nilikupuuza."

"Yameisha, baba. Lakini nataka kusoma kemia."

Akiwa na miaka hamsini na minne akaketi darasani na vijana waliomwita bibi. Mtihani wa kwanza alianguka vibaya, akalia chooni, akanawa uso, akarudi kipindi cha mchana. Wa pili alipita kwa alama mbili tu juu ya kiwango, na mumewe akamshonea mkoba wa vitabu wenye mifuko saba.