Nyoka wa Ngitili

Baba aliniachia ngitili kando ya mto, kipande cha nyasi na vichaka alichozuia mifugo isiingie tangu masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Mimi niliona pamba tu. Niling'oa visiki, nikachoma moto, na kila nyoka aliyeukimbia tulimponda kwa marungu huku tukicheka. Kona moja yenye mawe ilibaki kwa sababu plau ilishindwa.

Hatukuwamaliza nyoka, na hilo ndilo lililonidanganya miaka mingi. Kifutu bado yupo. Hujilaza kwenye matuta ya pamba, akingoja chakula kimpitie. Kila nilipomwona nilisema: si nyoka hao, wapo? Sikujua kwamba nilikuwa nimebakiza mtenda kazi wa aina moja. Yule mwembamba wa kahawia aliyewafuata panya mpaka ndani ya mashimo yao simwoni tena. Aliyewinda vyura kwenye majaruba ya mpunga hayupo. Wa kijani angekaa wapi, na miti niliikata mwenyewe? Kifutu ni mnene, haingii shimoni. Panya wakaongezeka, wakahamia ghalani.

Msimu huu kijana wangu, ambaye nilishamgawia shamba lote, alileta trekta amalizie ile kona. Nikamwomba aiache.

"Baba, wewe ulilima ukatusomesha. Mimi nifuge nyoka?"

"Nililima vibaya."

"Nyoka ni nyoka, baba. Akikugonga humuulizi ukoo."

Shamba ni lake. Mkewe alikuwa kando akipepeta mahindi, akitoa mavi ya panya. Hakuinua kichwa.

"Lima, baba watoto. Ila usije ukaniuliza ugali unanuka nini."

"Kwani nyoka ndiye atakulindia ghala?"

"Paka wako analinda? Analala, panya wanamruka."

Dereva wa trekta akaangua kicheko. Kijana wangu akanuna, akaizunguka ile kona, kisha akamwambia dereva aishie kwenye mawe. Akanigeukia: "Mbuzi wakiingia humo, shauri yako."

Siku hizi nakata miiba na kuizungushia ile kona. Sijui kama yule wa kahawia atapata njia ya kufika, maana pande zote ni pamba. Majirani huniuliza nalinda nini humo. Huku kwetu mzee akisema anatunza nyoka, kesho ataitwa mchawi. Nawajibu: majani ya ng'ombe.