Ndevu za Mwalimu

Mtaani walimwita Misumari, kwa sababu ukimkuta kazini alikuwa amebana mdomoni misumari midogo ya kupigilia kitambaa, na ukimsalimia alikujibu kwa nyusi. Alikuwa fundi makochi. Kochi lililobonyea aliliingiza karakanani, akalivua kitambaa, akabadilisha sponji, akakaza springi, na mwenyewe akija kulichukua alisita kulikalia kwa upya wake. Mkewe alifundisha chekechea. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe alimwita hivyohivyo. Yeye alimwita mumewe Fundi. Watoto wao walikuwa wameshaoa na kuolewa, wamebaki wawili ndani, na makochi yao wenyewe yalikuwa yametoboka, maana mganga hajigangi.

Kuinama kutwa kulimla Fundi mabega. Kila jioni akitoka bafuni, Mwalimu alimkalisha kwenye kigoda, akamshusha fulana na kumkanda kwa mafuta huku akimsimulia vituko vya watoto wa darasani. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yao.

Umri ulipomfikia, jogoo wa Fundi akaacha kuwika. Mwalimu hakunung'unika hata siku moja. Alisema ni uchovu, akipumzika yataisha. Huruma hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Fundi akajiambia kwamba mficha uchi hazai, akaenda kliniki ya upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua. Walipopima damu ikaonekana homoni ya kiume imeshuka mno. Akapewa dawa ya jeli ya kupaka mabegani. Nesi alimweleza polepole: ajipake asubuhi, anawe mikono, avae shati, na mtu yeyote asimguse pale alipopaka, hasa mwanamke au mtoto. Fundi aliitikia kila neno, lakini akili yake ilikuwa mlangoni, ikitafuta njia ya kutoka.

Asubuhi Mwalimu alikuwa akiingia na kutoka chumbani, na karakanani kulikuwa na macho ya watu. Mahali pekee alipoweza kujifungia ni bafuni, jioni. Basi alioga, akajipaka, akaficha dawa kwenye mkoba wa vifaa chini ya mkasi, akatoka kwenda kukandwa. Kumzuia mkewe kungetaka maelezo, na maelezo ndiyo hasa aliyoyakimbia. Alijiambia kwamba jeli ikishakauka imekauka, haimhami mtu.

Dawa ikafanya kazi. Nyumba ikachangamka. Mwalimu akawa anajipulizia manukato hata siku za kawaida, na dada yake alipokuja kumtembelea alimtania kwamba anang'aa kama bibi harusi.

Mng'ao huo haukudumu. Zilianza chunusi, zile za msichana anayevunja ungo. Halafu nywele za utosini zikawa zinabaki kwenye kitana, na kama vile zilizotoka kichwani zimehamia kidevuni, huko zikaota nyeusi na ngumu, zikashuka mpaka shingoni. Sauti nayo ikawa nzito. Siku moja mtoto aliyempakata alimpapasa kidevu, akasema mbele ya darasa zima, bila ubaya wowote, "Mwalimu, una ndevu kama za babu." Watoto wakacheka, naye akacheka nao. Tangu siku hiyo alinyoa kila alfajiri kwa wembe wa mumewe, akafunga mtandio mpaka chini ya kidevu, na akaacha kupakata watoto.

Dada yake alikuja na uchunguzi wake. Alimwaga krimu na sabuni zote za Mwalimu kitandani, akazichambua moja moja. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Kimojawapo kati ya hivi ndicho kinachokuharibu." Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Kitu kilimchoma moyoni, akakisukuma mbali, akarudi kazini.

Hospitalini, daktari, mama mmoja mwenye subira, alipima damu ya Mwalimu akashangaa: homoni ya kiume ilikuwa juu kupita mwanamke yeyote aliyewahi kumtibu. Kipimo cha picha kikaonyesha uvimbe mdogo kwenye mfuko wa mayai. Kwa kawaida angeuacha, ila kwa damu kama ile hakuthubutu. Akampa vidonge vya kuizuia homoni na dawa ya kupaka utosini, akampangia siku ya kupasuliwa.

Jioni, akimkanda mumewe, Mwalimu alimsimulia yote. "Ameniuliza kama nyumbani kuna mtu anatumia dawa ya homoni," alisema. "Nikamwambia, mume wangu huyo hata dawa ya kichwa mpaka nimshikie kiboko." Akacheka. Fundi naye akacheka, na mikono ya mkewe ikaendelea kuzunguka palepale alipotoka kujipaka.

Sasa alijua. Lakini badala ya kusema, akaamua kurekebisha kimyakimya, kama anavyoshona kochi kwa upande wa nyuma usioonekana. Akawa anajipaka asubuhi karakanani, nyuma ya marundo ya sponji, na kufunga vifungo vyote vya shati. Akasema mabega yamepona, hana haja ya kukandwa. Akalala na shati la mikono mirefu, ukingoni mwa kitanda, na mkewe akimgusa kwa bahati mbaya alishtuka.

Mwalimu alielewa alivyoelewa. Hakuuliza. Aliutoa wembe bafuni akauhamishia jikoni, akaanza kunyoa hata jioni kabla mumewe hajarudi. Fundi aliona ngozi ya kidevu cha mkewe ilivyobabuka. Kila alipotaka kufungua mdomo, alikuta aibu imeshatangulia kuufunga.

Asubuhi ya kwenda kupasuliwa, alimkuta jikoni, begi lililokwisha fungwa likiwa miguuni pake, povu la sabuni upande mmoja wa uso. Fundi akaweka dawa juu ya meza.

"Usiende kupasuliwa," alisema. "Ugonjwa wako ni huu."

Mwalimu alitoa karatasi ndani ya boksi akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka alipofika pale palipoandikwa kwamba mwanamke asiguse. Akauliza ni tangu lini. Fundi akamwambia. Akauliza kama alikuwa anajua.

"Nilijua siku ile uliposema daktari amekuuliza."

"Siku uliyocheka."

"Ndiyo."

Povu lilikuwa linamkaukia shavuni. "Mimi nilidhani unanionea kinyaa," alisema Mwalimu. "Nimekubali kupasuliwa tumbo ili nirudi kuwa mke wako."

Walikwenda hospitalini pamoja, na Fundi ndiye aliyemweleza daktari. Daktari hakumgombeza, na hilo lilimwia gumu zaidi. Alirudia kupima damu, na majibu yalipotoka homoni ilikuwa imeshaanza kushuka. Uvimbe ulikuwa wa maji tu, wa kuangaliwa kwa mbali. Nywele za kichwani, alisema, zitarudi polepole. Za kidevuni nyingi zitabaki, maana shina likishaamshwa halilali tena kirahisi. Sauti hakuweza kuiahidi.

Mwalimu akaenda kukaa kwa dada yake. Huko alisema tu kwamba upasuaji umefutwa, mumewe hakumtaja. Fundi aligundua hilo siku shemeji yake alipomletea chakula karakanani na kumshukuru. Si kila mwanamume, alisema, angemvumilia mke mwenye ndevu.

Fundi akatema misumari kiganjani. "Shemeji, ndevu zile nimempa mimi," akasema, na akamweleza yote, hata kile kicheko. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, akachukua vyombo vyake, chakula kikiwa bado ndani, akaondoka.

Mwalimu alirudi nyumbani kwa wakati wake, bila maelezo. Fundi alitaka kuacha matibabu kabisa, mkewe akakataa: asijifanye sadaka, yeye sadaka hiyo hana pa kuiweka. Daktari akambadilishia dawa, ikawa ya sindano. Waliishi kwa adabu, kama wageni wanaoheshimiana. Fundi akayatengeneza makochi yao, yote, na mkewe akashukuru kama mteja.

Kisha Jumamosi moja asubuhi Mwalimu akatoa kiti mlangoni penye mwanga, akamwita. Alimpa kibano cha kung'olea nyusi, akaketi, akainua kidevu.

"Hizo za chini sizioni," alisema.

Fundi akavaa miwani, akaanza kung'oa unywele mmoja mmoja. Kila alipovuta, kope za mkewe zilitikisika, naye akasema pole. Alisema pole tena, na tena, mpaka Mwalimu akafumbua jicho moja.

"Usiniombe radhi kwa kila unywele, Fundi," alisema kwa ile sauti yake mpya. "Hatutamaliza leo."