Vilima vya Asteroidi

Fundi wa plasta alikuwa na mazoea ya kubandika picha ukutani, juu ya meza yake, kabla hajatia mkono kwenye jasi. Kazi yake shuleni ilikuwa kuwatengenezea wanafunzi wasioona vitu visivyoweza kuletwa darasani: volkano, nyangumi, moyo wa mtu. Mumewe, aliyepoteza macho utotoni, ndiye aliyewafundisha, na walimu wenzake walimtania kwamba alioa mke akaongezewa na macho.

Safari ile ilikuwa asteroidi, bonge la mwamba linalozunguka jua. Halikuwa duara hata kidogo. Lilifanana na kiazi kilichobanwa kiunoni, upande mmoja mnene, mwingine umechongoka. Fundi alichora mifereji myembamba mgongoni, akapachika kokoto mahali pa majabali, kisha akaumba vilima vya mviringo, vikubwa kwa vidogo, mwili mzima. Mumewe alilipapasa akacheka.

“Mke wangu, hili limeota majipu.”

Ndivyo alivyolifundisha muhula mzima.

Siku moja mwalimu mpya wa sayansi, binti mwenye maneno mengi, aliingia karakanani kwa fundi kuazima gundi. Akalitazama bonge, akatazama picha, kisha bonge tena.

“Shangazi,” alisema, “picha umeibandika kichwa chini.”

Fundi alicheka. Jiwe la angani lina kichwa? Binti hakucheka. Aliibandua picha, akaigeuza, akaibandika tena.

Fundi aliisogelea picha. Vilima vyote vilikuwa vimezama. Kila alipokuwa ameona kinundu palikuwa na shimo, mashimo matupu yaliyochimbwa na mawe yaliyoligonga. Mwanga kwenye picha ile ulitoka juu. Alipoibandika kinyume, ukawa unatoka chini, na jicho lake, lililozoea mwanga wa juu, likakisoma kivuli cha ndani ya shimo kuwa kivuli cha kilima. Aliigeuza kwa mkono wake mwenyewe. Vilima vikarudi. Akaigeuza tena. Mashimo.

Mumewe alipokuja kumwita wakale, binti aliaga haraka. Fundi alimweleza yote bila kujitetea. Mume alisikiliza amesimama, kisha akaketi kwenye ndoo ya jasi iliyofunikwa, akaliomba lile bonge. Alipitisha vidole polepole juu ya kila kilima, kama mtu anayemgusa mgonjwa.

Fundi alisema atalivunja leo hii, atafanya jingine, wanafunzi hawatajua. Mume alitikisa kichwa. Wanafunzi walishaambiwa, alisema, na walimwamini. Atawaambia mwenyewe.

Kisha vidole vikasimama.

“Na mwezi?”

Mwezi wa jasi fundi aliutengeneza mwaka walipooana, zawadi yake ya kwanza kwa mumewe. Ulikuwa chumbani kwao, upande wa kitanda anaolala mume. Picha yake ilishatupwa zamani. Alijaribu kukumbuka aliibandika vipi, akaona ukuta tu.

“Mwezi wangu una vilima,” mume alisema. “Vingi. Navijua vyote.”

“Mume wangu…”

“Niambie tu.”

Aliyatazama macho yale yaliyoelekezwa kando kidogo ya uso wake. Ni mara ngapi alikuwa ameutazama mwezi wenyewe angani, akiwa amemshika mkono, bila kufikiri kuulinganisha na ule wa jasi?

“Ni mashimo,” alisema.

Mume aliliweka bonge mezani, akalitafutia upande utakaotulia, asiupate. Alibaki amelishikilia lisidondoke.