Umri wa Mpira

Mume wangu alikuwa na umri wa aina mbili: ule wa kuzaliwa na ule wa mpira. Kwetu Kongo kila mchezaji anaujua huo wa pili. Miguu ikianza kuchoka, miaka inapunguzwa. Tulipofika Durban na binti yetu tukikimbia vita, alikuwa ametimiza thelathini na mbili. Timu ya Wakongo ikatangaza kwamba ana ishirini na mbili.

Siku za kazi alilinda magari mtaa wa Overport, nami nilisuka nywele soko la Warwick. Jumapili, baada ya ibada, alicheza, na mabao alikuwa bado anafunga, sikatai. Ikasikika kwamba klabu kubwa itamtuma mtu kumwangalia. Nahodha wa timu akaja chumbani kwetu, akaketi kitandani kwa kuwa viti hatukuwa navyo.

"Pardon, mama, usituharibie. Kijana wa vile hawezi kuwa na mutoto mukubwa hivi. Kuanzia leo wewe iko dada yake. Mutoto amwite mjomba. Akiingia yeye kule, atatuvuta na sisi."

Nilitamani kumtupia sufuria. Mume wangu alitazama chini. Lakini kulinda magari hakukuwa kunatulisha, nikakubali.

Binti yetu alifundishwa neno hilo kama sala. Hata tulipokuwa peke yetu, akiita "papa", baba yake alitazama ukuta mpaka aitwe mjomba. Mtoto akipatia, alisifiwa na kupewa kipande cha mkate. Siku zile nilimchukia mume wangu, nasema wazi.

Mtu wa klabu akaja. Kipindi cha kwanza mume wangu alifunga bao, tukapiga vigelegele. Cha pili pumzi zikamwishia, vijana wakawa wanampita tu, naye ameinama kashika magoti. Yule mgeni hakuuliza habari za dada wala za mtoto. "Eish, huyu mzee," alisema, akaenda kwenye gari lake. Njia ya mwongo ni fupi. Hii yetu iliishia katikati ya uwanja.

Jioni nilimkanda magoti kwa maji ya moto. Alikuwa analia, hajifichi. Akamnyooshea binti yetu mikono.

"Kuja kwa papa, maman," akamwita, kama kwetu tunavyowabembeleza mabinti.

Mtoto alinitazama, akamtazama yeye. Alidhani anapimwa tena.

"Ndiyo, mjomba," akajibu, akabaki mlangoni akisubiri kusifiwa.