Kila Mtu na Sahani Yake

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alifariki na shida ikaingia nyumbani kwetu Butiama. Tulibaki watoto saba na mama. Nyie wa rika langu mnaijua njaa ninayoisema.

Enzi hizo jioni mama alisonga ugali wa muhogo na mtama, mgumu, ukiutupa ukutani unarudi. Mboga ni mlenda, au furu wa kukausha, wale samaki wadogo wenye miiba mingi kuliko nyama. Hakuna aliyegusa mpaka mama aulize, "Nani hayupo?" Umeenda kutafuta ndama? Tunakungoja, mate yanatudondoka. Kaka yangu alikuwaga na tonge kama ngumi ya bondia. Mama alimpiga kofi mkononi: "We, unakula au unahamisha?" Tulicheka mpaka mlenda ukatokea puani.

Nisiwadanganye. Tulikaa pamoja kwa sababu ugali ulikuwa mmoja. Ningekuwa na wangu ningeenda kuula kichakani.

Darasa la tatu niliacha shule, nikashuka Musoma kubeba magunia ya dagaa sokoni Mwigobero. Siku moja nikala wali kwa mama ntilie, sahani nzima, hakuna mkono mwingine ndani. Nikaapa: watoto wangu, kila mmoja na sahani yake, imejaa.

Sikusoma, lakini nimetimiza. Kila mtoto nilimnunulia sahani yake, baadaye na hotpoti yake, maana mimi nilishinda Mwigobero na Bunda nikifukuzia biashara, na sikutaka mtu anisubiri. Leo nawacheka vijana, mkono mmoja kijiko, mwingine simu. Ukimuuliza amekula nini, anafungua simu aangalie picha. Nawacheka, lakini nani aliwafundisha kula peke yao?

Mwezi uliopita daktari alituambia moyo wa mama yao umechoka. Mke wangu aliomba kitu kimoja: Jumapili moja watoto wote wakae mezani awaone wanakula. Nikachinja mbuzi. Nikawapigia simu mwenyewe. Hakuna aliye mbali. Wako hapa Musoma, mmoja tu yuko Bunda.

Saa saba mchana simu zikaanza. "Baba, nina mteja, mniwekee." "Mzee, kwaya haijaisha, mniwekee." Bhoke, binti yangu wa kwanza, alifika, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Mama, nifungie tu, nina kikao."

"Kaa kwanza," nikamwambia.

"Baba, wewe ulikaa lini?"

 Mama yake akamfungia nyama nzuri, akamsindikiza mpaka getini polepole, akihema. Kufikia saa kumi bodaboda watatu walikuwa wameshakuja kuchukua hotpoti za wengine.

"Angalau watakula, Baba Bhoke," mke wangu akasema, akaenda kulala bila kugusa chake.

Zamani ugali ulikuwa kidogo na tulingojana. Siku hizi chakula ni kingi, hakuna anayemngoja mwenzake, na mama yao naye hana muda mrefu wa kungoja.

Leo nina nyumba ya vyumba saba Bweri. Nyumba ya kupangisha Kitaji. Mashine ya kusaga Bunda. Mitumbwi miwili ya injini. Ng'ombe ishirini na mmoja Butiama. Meza ya mninga na viti kumi. Watoto sita, wote wameshiba.