Daktari wa Ng'ombe Kitandani kwa Abasi

Abasi wa Gongoni amechinja ng'ombe tangu ndevu hazijamwota, na akichuna hushika kisu kwa meno ili mikono yote miwili ivute ngozi. Ukimwambia ni uchafu, anakucheka. Sasa yuko hoi wodini, macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, homa imemvuruga hajui asubuhi wala jioni. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.

Kilichomchanganya zaidi ni mgeni. Theodora, daktari wa mifugo anayegonga muhuri nyama machinjioni, alisimama kando ya kitanda chake.

"Shikamoo, mzee Abasi."

"Marahaba. Umepotea njia, mwanangu? Mimi sina mkia."

Theodora hakucheka. Alisema ameitwa na daktari wa wodi. Kuna ugonjwa unaotoka kwenye mkojo wa mnyama na kumwingia mtu; dawa yake ipo, ila lazima wajue ameupatia wapi.

"Umechinja mnyama mgonjwa?"

Abasi akababaika. Huyu amekuja kuponya au kukamata? Maana ng'ombe alikuwepo: jike la jirani, limeharibu mimba na linakojoa damu, akalichinja uani kwake bila kukaguliwa. Na mwenye kumfikisha mahakamani kwa kosa hilo ni mwanamke huyuhuyu anayemwamkia kwa heshima. 

"Sijachinja," alisema.

Theodora akamgeukia Zamda, mke wa Abasi, aliyekaa chini kwenye kanga. "Nawe hujambo, mama?"

"Sijambo. Miguu tu inauma, ni kukesha." Alikuwa anakanda vigimbi vyake, macho chini. Mumewe alikuwa amemkataza kumtaja ng'ombe yule.

Abasi aliwatazama wote wawili bila kuelewa, kisha akavitazama vile vigimbi. Vyake navyo viliuma vivyo hivyo kabla homa haijaanza. Figo na utumbo wa lile jike vilioshwa na nani? Si Zamda, kwenye karai, mikono mitupu, kidole kimechanika?

Woga aliokuwa nao wa mahakama ukawa kitu kidogo kabisa.

"Daktari, nimechinja! Uani kwangu, na kisu nilikishika kwa meno. Nikamateni mimi, lakini huyu mwanzisheni dawa leo hii, macho yake bado meupe."