Siku Sanduku Langu Liliposhushwa

Kuna mwanamke ninayemfahamu kuliko dada zangu wote, ila hajawahi kuwepo. Anaishi Tabora, anavaa gauni jeupe la unesi na viatu visivyojua matope, na anaongea na wagonjwa kwa upole ambao mimi sina. Huyo ndiye mimi niliyepanda treni. Msimu wa mvua ukifika, nikasikia harufu ya tumbaku ikikauka, namkumbuka kama mtu tuliyekua naye. Mara nyingi namwonea wivu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa kijijini Kasokola, nje ya Mpanda, mimi na baba peke yetu. Mama alikuwa amefariki na dada zangu walikuwa kwa waume zao. Baba alilima mahindi kama kila mtu, lakini roho yake ilikuwa kwenye tumbaku. Nyuma ya nyumba tulikuwa na bani, kijumba kirefu cha tofali ambamo majani yalining'inizwa kwenye vijiti na kukaushwa kwa moto wa magogo karibu wiki nzima. Moto wa bani una adabu zake. Mwanzoni unautaka mdogo, jani ligeuke njano taratibu. Ukiuchochea kwa pupa, linagoma na kubaki kijani. Ukiuacha uzimike, jani linapiga weusi na jasho la msimu mzima limekwenda na maji. Kwa hiyo mtu akishawasha bani, asipotokea harusini, hata msibani, hakuna anayemnunia. Watu wanauliza tu, "Mmewasha?" Ukijibu kwamba mmewasha, maneno yamekwisha.

Barua ya kuitwa chuo cha unesi Tabora ilifika tukiwa tunajaza bani. Baba aliisoma mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia, kisha akaenda kuwasha moto huku akiimba vibaya kama kawaida yake. Mpango ulikuwa mwepesi: mimi nipande treni, yeye abaki na moto. Siku mbili kabla ya safari malaria ikamlaza. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Moto nikaushika mimi.

Asubuhi ya safari jirani yetu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache nyuma, alikuja na mkokoteni wa ng'ombe kunipeleka stesheni ya Mpanda. Alilipakia mwenyewe sanduku langu la bati. Nikaingia ndani kuaga. Baba alikuwa amelala, ameelekea ukutani.

"Baba, naenda."

"Nenda, mama," akasema bila kugeuka. Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

"Na moto?"

Hakujibu. Nikatoka, nikapita dirishani kwake, nikazunguka nyuma, nikatia gogo. Nikarudi mpaka kwenye mkokoteni. Nikaenda tena kuchungulia majani. Yalikuwa yameanza kuwa njano pembeni tu. Nilipopita mara ya tatu jirani uvumilivu ulimwisha.

"Sasa nyie, sanduku niende nalo au nilishushe?"

"Lishushe," nikasema. "Tumewasha."

Hakuuliza zaidi. Alilishusha taratibu kama vile lina mayai, akageuza ng'ombe wake, akaondoka.

Kijiji kizima kilinisifu. Kanisani akina mama walinishika mikono wakasema huyu ndiye mtoto. Mgeni akija, baba alimwambia, "Huyu angekuwa nesi, ila aliniokoa," naye alisema hivyo huku akitazama chini. Mimi nilitafuta ndoo nikaenda kisimani hata kama maji yalikuwepo. Maana ukweli niliujua: niliogopa. Sikuwahi kulala mbali zaidi ya Mpanda mjini. Niliogopa maiti, niliogopa vitabu vya Kiingereza, niliogopa wasichana wa mjini wangecheka ninavyoongea. Baba aliponyamaza pale kitandani, furaha ilinishika.

Nilisema nitaomba tena mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata nikaolewa Kawajense, hapo hapo Mpanda, nikapata cherehani na watoto, na maisha hayo si mabaya hata kidogo. Lakini kila nilipowapeleka watoto zahanati, nilimtazama nesi mikononi nikijiuliza kama ningeweza kushika sindano vile.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mchana mmoja nilikuwa Kasokola kumsaidia baba kufunga majani kwenye vijiti. Amezeeka, vidole vimekakamaa, bado anafunga haraka kuliko mimi. Sijui nini kilinituma.

"Baba, siku ile ya treni sikubaki kwa ajili yako. Niliogopa."

Akaendelea kufunga. "Najua. Nilikusikia ukipita dirishani mara tatu."

"Mbona hukusema kitu?"

Akakata kamba kwa meno. "Homa ilikuwa imeniachia tangu alfajiri, mama. Moto ningeuweza."

Nilikitupa kijiti chini. Nilikasirika nikasimama, nikamwambia miaka yote hii anawaambia watu nilimwokoa, kumbe alikuwa amelala pale mzima! Nilimwona yule wa Tabora na gauni lake jeupe, nikatamani kumlilia kama marehemu.

"Uliniokoa kweli," baba akasema. "Ungeniona nimesimama, ungeenda. Mama yako hayupo, dada zako hawapo. Ningebaki na nani? Na mimi niliogopa."

Nikakaa. Nililia, naye akanisogezea fungu la majani kwa sababu hakujua kufanya kingine. Tukafunga, kijiti baada ya kijiti.

Ndipo jirani yetu akapita njiani akiswaga ng'ombe, mvi kichwani sasa. Akatuita kwa sauti: kesho anamwoza binti yake, tufike mapema, yeye na familia yake wanatutegemea.

Baba akanitazama, nami nikajua hata yeye hana moyo wa sherehe. Bani lilikuwa tupu, la baridi, hata gogo moja halijaingizwa.

"Tusamehe," nikajibu mimi. "Tumewasha."

Jirani akatazama bomba la bani lisilotoa moshi. Akatutazama sisi wawili, akaitikia kwa kichwa kidogo, kisha akaendelea na ng'ombe wake.